Siku 28 na unga wa chapati: Elimu ya foleti inawafikia kina mama wa Kisikh ikiwa imechelewa

*Chakula chao kina dengu, adesi na mboga za majani. Hata hivyo, familia za Kisikh ni miongoni mwa zilizowahi kuonekana na hatari kubwa zaidi ya watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Makala haya yanaeleza sababu, mvutano wa kisera na kinachoweza kufanyika.*

SOUTHALL, magharibi mwa London. Siku ya Jumapili jiko la gurdwara ya Sri Guru Singh Sabha, hekalu la Wasikh lililopo Havelock Road, huamka mapema. Kina mama waliojitanda vitambaa kichwani huizunguka meza ndefu. Huyu anakata madonge ya unga, yule anasukuma, wa tatu anageuza roti kwenye bamba la chuma lenye moto. Pembeni, kwenye masufuria makubwa, adesi na dengu zinatokota na tangawizi, vitunguu na bizari.

Hiki ndicho kinachoitwa langar, mlo wa bure ambao Wasikh wameuendeleza tangu enzi za Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Anayeingia haulizwi dini, kabila wala kipato. Anaketi, anapakuliwa, anashiba.

Sahani hiyo ingemfurahisha mtaalamu yeyote wa lishe. Kikombe kimoja cha adesi zilizopikwa kina takriban maikrogramu 350 za foleti, na cha dengu kina karibu 280. Foleti ni aina ya vitamini B inayohitajika mwilini katika kutengeneza damu na chembe hai mpya, na mjamzito huihitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Lakini kwa zaidi ya miaka 40 madaktari wamekuwa na taarifa zinazosumbua. Mwaka 1978 Profesa I. C. Verma aliandika katika jarida la Lancet kwamba kaskazini mwa India watoto wengi mno huzaliwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 1983 mtafiti Patricia Baird wa British Columbia, Kanada, alichapisha uchunguzi uliowahusu Wasikh peke yao. Aligundua kuwa hata baada ya kuhama Punjab na kuishi ng'ambo ya bahari, familia hizo bado zilikuwa na kiwango cha juu cha kasoro hizo kuliko wakazi wengine wa jimbo lile.

Basi kwa nini jamii yenye dengu mezani kila siku iwe na tatizo ambalo foleti ingeweza kulipunguza? Swali hilo linawagusa zaidi ya Wasikh milioni 20 wanaoishi India, karibu 770,000 walioko Kanada, na zaidi ya nusu milioni walioko England na Wales.

Mrija unaofunga kabla mama hajajua

Katika wiki za mwanzo za mimba, kiinitete hutengeneza mrija mwembamba ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo. Mrija huo hujikunja na kujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa.

Ukishindwa kujifunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Wengi wa watoto hao hupata pia kichwa kikubwa kwa sababu maji hujaa kwenye ubongo. Ukishindwa kujifunga upande wa juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haikui, na mtoto wa aina hiyo hufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Hesabu ya siku ndiyo inayouma. Siku ya 28 inapofika, mama mwenye mzunguko wa kawaida amechelewa kuona hedhi kwa takriban wiki mbili tu. Wengine ndiyo kwanza wanaanza kushuku. Wanaofika kliniki mwezi wa tatu au wa nne hupewa vidonge na ushauri mzuri, lakini kwa kasoro hii mlango umeshafungwa.

> Ushauri unaotolewa mwezi wa tatu wa mimba unasaidia damu ya mama, lakini hauwezi tena kuuziba mrija ulioachwa wazi mwezi wa kwanza.

Mtoto mwenye mgongo wazi anaweza kuishi, kusoma na kufanya kazi. Lakini huhitaji upasuaji mapema, huenda akahitaji mpira wa kupunguza maji kichwani, na mara nyingi miguu, kibofu na haja kubwa huwa na matatizo maisha yote. Mzigo wa kumhudumia huwaangukia zaidi mama na bibi.

Ugunduzi ulioanzia kwa wajawazito wa Bombay

Habari ya foleti yenyewe ilianzia India. Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay kuchunguza upungufu mkubwa wa damu uliokuwa ukiwaua wajawazito, hasa wafanyakazi wa viwanda vya nguo na wake wa watu maskini. Aliwatazama jikoni, akalinganisha milo yao, akafanya majaribio kwa wanyama.

Mwaka 1931 alichapisha matokeo yake: dondoo ya hamira, aina ile ya bei rahisi inayopakwa kwenye mkate, iliwarudishia damu wanawake hao. Hakujua ni kitu gani ndani yake kilichoponya. Miaka 10 baadaye wanasayansi wa Marekani walikitenga kutoka kwenye mchicha, nacho kikapewa jina la asidi ya foliki.

Ilichukua nusu karne nyingine kuthibitisha kwamba kirutubishi hicho kinazuia mgongo wazi. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 33 vya nchi saba, likiongozwa na Profesa Nicholas Wald. Wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo walipewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku kabla ya kushika mimba tena. Hatari ya kurudia tatizo ilipungua kwa asilimia 72.

Mwaka uliofuata, utafiti wa Hungaria ulionyesha kinga hiyo hata kwa wanawake ambao hawajawahi kupata tatizo hilo. Tangu hapo ushauri wa madaktari haujabadilika: mwanamke anayeweza kushika mimba ameze maikrogramu 400 kila siku, aanze kabla ya mimba, aendelee hadi wiki ya 12.

Chakula kizuri ambacho hakitoshi

Kina mama wengi wa Kipunjabi wanaamini kwamba anayekula vizuri hahitaji vidonge. Imani hiyo ina msingi, kwa maana chakula chao ni bora. Tatizo linaanzia kwenye foleti yenyewe.

Chukua mfano wa saag, mboga inayopendwa sana Punjab wakati wa baridi. Majani ya haradali hukatwakatwa pamoja na mchicha, yakachemshwa kwa saa nyingi, kisha yakapondwa kwa mchi wa mbao hadi yakawa rojo. Mwishoni hukaangiwa vitunguu saumu na tangawizi kwenye samli, yakaliwa na mkate wa unga wa mahindi.

Ladha yake haina mfano, lakini foleti haipendi moto wa muda mrefu. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2002 ulionyesha kuwa mchicha uliochemshwa kwa muda wa kawaida tu hubaki na karibu nusu ya foleti yake, kwa kuwa nyingi huishia kwenye maji. Kwenye saag maji hayamwagwi, na hilo linasaidia. Lakini saa nyingi jikoni nazo hula sehemu yake.

Kuna jambo la pili. Foleti ya asili iliyomo kwenye chakula hainyonywi mwilini kama asidi ya foliki ya kidonge au ya unga ulioongezewa virutubishi. Ndiyo maana wataalamu huhesabu maikrogramu 1 ya asidi ya foliki inayoliwa pamoja na chakula kuwa sawa na maikrogramu 1.7 za foleti ya asili. Kuifikia kinga ya kidonge kimoja kwa chakula peke yake, kila siku bila kukosa, ni kazi ngumu hata kwa mtu mwenye nidhamu.

La tatu ni vitamini B12, inayofanya kazi bega kwa bega na foleti. Hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Wasikh wengi waliopata amrit, yaani waliokula kiapo cha dini, hawali nyama wala mayai, ingawa si Wasikh wote wanaofuata hivyo. Maziwa na mtindi husaidia, lakini asiyeyatumia kwa wingi anaweza kupungukiwa. Utafiti uliofanyika Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2007 ulihusisha upungufu wa B12 na ongezeko la hatari ya mgongo wazi, hata katika nchi ambayo tayari ilikuwa ikiongeza asidi ya foliki kwenye unga.

Kwa hiyo mwanamke asiyekula nyama anahitaji ushauri kuhusu vitamini zote mbili. Anayepewa kidonge cha foliki peke yake bila kuulizwa anakula nini amehudumiwa nusu.

Ukimya wa miezi mitatu

Ufahamu nao una pengo. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha karibu wanawake nusu milioni, ulionyesha kwamba waliomeza asidi ya foliki kabla ya mimba walipungua kutoka asilimia 35 katika miaka ya 1999 hadi 2001, wakafika asilimia 31 mwaka 2011 na 2012. Miongoni mwa wanawake wenye asili ya Asia Kusini walikuwa asilimia 20, wakati wanawake weupe walikuwa asilimia 35. Kwa wasichana wa chini ya miaka 20 walikuwa asilimia 6 tu.

Kundi hilo la Asia Kusini lina Wasikh, Wahindu na Waislamu ndani yake, kwa hiyo takwimu hizo haziwahesabu Wasikh peke yao. Lakini zinaonyesha jinsi ujumbe unavyopotea njiani.

Unapotelea wapi? Kwanza, mimba nyingi hazipangwi, kwa Wasikh na kwa wasio Wasikh. Ushauri wa "anza kabla ya mimba" unamfaa anayepanga.

Pili, kuna desturi ya kunyamaza. Katika familia nyingi za Kipunjabi, mimba haitangazwi hadi miezi mitatu ipite, kwa kuogopa jicho baya au kuharibika kwa mimba. Bibi harusi ambaye hajashika mimba anaona aibu kuonekana na kidonge cha wajawazito. Mama mkwe akikiona kabatini, atauliza, na nyumba nzima itajua.

Tatu, yupo mama mkwe mwenyewe. Yeye ndiye mwenye sauti jikoni. Anajua chakula "cha moto" na "cha baridi", kipi mjamzito akiepuke mwanzoni na kipi aletewe mwishoni. Baada ya kujifungua, yeye ndiye atakayepika panjiri, mchanganyiko wa unga wa ngano, samli, lozi na sukari wa kumrudishia mzazi nguvu. Maarifa hayo yana thamani kubwa, na mengi hayana madhara. Lakini yalijengwa kabla ya mwaka 1991, na hakuna aliyerudi kumwambia kuna siku 28 za mwanzo.

Vipeperushi vingi humlenga mke peke yake, tena kwa Kiingereza. Mama mkwe anayesoma Kipunjabi kwa maandishi ya Gurmukhi haambiwi kitu. Mume naye haambiwi, ingawa mara nyingi ndiye anayekwenda kununua.

> Mwenye sauti jikoni asipoelimishwa, kidonge kitabaki dukani.

Kwenye hili inafaa kusema wazi: hakuna sababu ya kuwanyooshea kidole Wasikh. Wanawake wao kwa kawaida hawavuti tumbaku, kwani dini inakataza, na hilo ni faida kubwa kwa mimba. Kasoro za mrija huu hutokea katika kila taifa, zikichangiwa na urithi, lishe, kisukari, unene na baadhi ya dawa za kifafa. Kuijua jamii iliyo kwenye hatari zaidi ni njia ya kuifikia kwanza.

Mvutano juu ya unga

Kwa kuwa vidonge haviwafikii wote, nchi nyingi zimeamua kuiweka asidi ya foliki kwenye unga. Marekani ililazimisha jambo hilo kuanzia Januari 1, 1998, na Kanada ikafuata mwaka huohuo. Nchini Kanada kiwango cha kasoro hizo kilishuka kutoka 1.58 hadi 0.86 kwa kila vizazi 1,000, sawa na asilimia 46. Upungufu mkubwa zaidi ulionekana kwenye majimbo yaliyokuwa na hali mbaya zaidi mwanzoni. Ina maana unga huziba pengo pale lilipo pana.

Uingereza, iliyoongoza utafiti wa 1991, ilisita kwa zaidi ya miaka 30. Kamati yake ya ushauri wa lishe ilipendekeza hatua hiyo mwaka 2006 na ikarudia mwaka 2017.

Waliopinga walikuwa na hoja tatu. Ya kwanza, asidi ya foliki inaweza kuficha dalili za upungufu wa B12 kwa wazee: damu inaonekana nzuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ya pili, hofu kwamba kiasi kikubwa kinaweza kuchochea saratani, hofu ambayo tafiti zilizofuata hazikuithibitisha. Ya tatu, kwamba si haki kumlisha kila mtu kitu kwa ajili ya kundi moja.

Upande wa pili alisimama Lord Rooker, mwanasiasa aliyelipigia kelele suala hili kwa miaka mingi katika Baraza la Mabwana, pamoja na wanasayansi kama Profesa Wald. Hoja yao ilikuwa kwamba kila mwaka wa kusita una watoto wake, na kwamba nchi zilizotangulia hazijaona madhara yaliyohofiwa.

Hoja ya B12 inastahili kupewa uzito wa pekee kwa jamii yenye watu wengi wasiokula nyama. Lakini jibu lake ni kupima B12 na kuitibu. Kumnyima mama foleti hakumpi bibi B12.

Hatimaye serikali ilikubali mwaka 2021, na kanuni zikatungwa Novemba 2024. Kuanzia Desemba 13, 2026, unga wa ngano unaoguswa na kanuni hizo unapaswa kuwa na maikrogramu 250 za asidi ya foliki kwa kila gramu 100. Serikali inakadiria kuzuia takriban kasoro 200 kila mwaka kati ya mimba karibu 1,000 zinazoathirika. Wald na wenzake wanasema kiwango hicho ni kidogo na kingeweza kuokoa wengi zaidi.

Mfuko wa kahawia umeachwa nje

Hapa ndipo jiko la Wasikh linapoingia kwenye sheria. Kanuni hizo zinagusa unga usio wa nafaka kamili. Unga wa ngano nzima, wenye pumba na kiini chake, umeachwa nje. Vinu vidogo vinavyosaga chini ya tani 500 kwa mwaka navyo vimeachwa.

Ukiingia duka lolote la Waasia katika mitaa ya Southall au Birmingham, utakuta unga wa chapati umepangwa kwa aina: mweupe, wa kati na wa kahawia. Wa kahawia ndio unga wa ngano nzima. Wanaojali afya huambiwa wauchague huo kwa ajili ya nyuzinyuzi na kwa ajili ya kisukari, ugonjwa unaowaandama sana watu wa Asia Kusini. Ushauri huo ni sahihi. Lakini mwanamke atakayeufuata, akawa anakula roti za unga huo asubuhi na jioni, ndiye huyohuyo ambaye unga wa serikali hautamfikia.

Kanada nayo ina pengo kama hilo, kwani sheria yake inalazimisha unga mweupe.

Mfano wa kuliziba upo. Nchini Marekani, wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini walibaki na kiwango cha juu cha kasoro hizi hata baada ya 1998, na sababu mojawapo ilikuwa unga wao. Wengi hula mikate ya unga wa mahindi, ambao haukuguswa na sheria ya ngano. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa iliruhusu unga huo uongezwe asidi ya foliki kwa hiari. Wasagaji wengi hawakufanya hivyo, na ndipo jimbo la California likatunga sheria mwaka 2024 ya kulazimisha kuanzia Januari 2026.

> California iliuliza: wanawake hawa wanakula unga gani hasa? Uingereza na Kanada hazijaliuliza swali hilo kwa ajili ya roti.

Punjab na vinu vya mtaani

Huko Punjab kwenyewe pengo lina sura nyingine. Jimbo hilo ni ghala la ngano la India, na familia nyingi za wakulima huweka magunia ya ngano yao, wakaipeleka kidogokidogo kwenye kinu cha mtaani. Unga ni mbichi, hauna mchanganyiko, na msagaji ni jirani. Ni utaratibu mzuri, lakini haupiti kiwandani, na kirutubishi kinaongezwa kiwandani.

India ina viwango vya unga ulioongezewa virutubishi, ambao hutambulika kwa alama yake kwenye pakiti, lakini kwa unga wa ngano hiyo ni hiari. Serikali hutegemea zaidi vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, vinavyogawiwa na wahudumu wa afya wa vijiji wanaoitwa ASHA. Wanafunzi hupewa kidonge kimoja kwa wiki, na wajawazito kila siku.

Kazi bado ipo. Takwimu za kitaifa za 2019 hadi 2021 zilionyesha kuwa asilimia 57 ya wanawake wa India wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na Punjab, moja ya majimbo yenye chakula kingi zaidi, haikuwa na nafuu. Shibe na lishe ni vitu viwili tofauti.

Kinachotuhusu Afrika Mashariki

Historia ya Wasikh inapita kwetu. Wengi waliletwa kutoka Punjab kujenga reli ya Uganda iliyoanza mwaka 1896. Gurdwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 kando ya barabara ya Mombasa hadi Nairobi, huwalisha wasafiri bure, na madereva wengi wanaijua. Wasikh wa Kenya, Uganda na Tanzania waliohamia Uingereza miaka ya 1960 na 1970 ni sehemu ya jamii ya Southall na Birmingham, na wapo mabibi huko ambao bado wanazungumza Kiswahili.

Tatizo nalo ni letu. Watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi hufikishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Hospitali ya Kijabe nchini Kenya na Hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, wengine wakiwa wamechelewa.

Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga mwaka 2011, na Kenya ilifanya hivyo mwaka 2012 kwa unga wa ngano na mahindi unaouzwa kwenye pakiti. Lakini sehemu kubwa ya mahindi vijijini husagwa kwenye mashine za mtaani, kama ilivyo ngano ya Punjab. Anayepeleka debe lake kusaga hapati kirutubishi hicho. Na hapa kwetu pia, mama wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano.

Gurdwara kama mahali pa kuanzia

Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziongeze kasi ya kuweka virutubishi kwenye vyakula, likitaja kwa jina kasoro ya mgongo wazi. Azimio hilo linahitaji mtu wa kulishusha hadi jikoni.

Wasikh wana faida ambayo jamii nyingi hazina. Kila wiki bibi, mama mkwe, mke na mume hukutana chini ya paa moja, tena kwenye chakula. Na katika dini yao, jiko lina heshima yake: Mata Khivi, mke wa Guru wa pili, anasifiwa ndani ya kitabu kitakatifu cha Guru Granth Sahib kwa ukarimu wake kwenye langar. Mahali pa namna hiyo panafaa kabisa kwa mkunga anayezungumza Kipunjabi kusimama dakika 10 baada ya ibada, akawaeleza wote kwa pamoja habari ya siku 28. Kamati za gurdwara zinaweza pia kuamua kwamba unga wa langar uwe ulioongezewa asidi ya foliki.

Serikali za Uingereza na Kanada zinapaswa kuingiza unga wa chapati wa ngano nzima kwenye sheria. Wasagaji wasiongoje: hakuna kinachowazuia kuanza kwa hiari. India itafute njia ya kuvifikia vinu vya mtaani, nasi tufanye hivyo kwa mashine zetu.

Kwa msomaji, ujumbe ni mfupi. Ikiwa unaweza kushika mimba, hata kama hujapanga, zungumza na mhudumu wa afya kuhusu maikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Anza angalau mwezi mmoja kabla, ikiwezekana mitatu, na uendelee hadi wiki ya 12. Kama una kisukari, unameza dawa za kifafa, au umewahi kupata mimba yenye kasoro hii, muone daktari kwanza, kwa sababu utahitaji dozi kubwa zaidi. Kama huli nyama, samaki wala mayai, omba upimwe B12.

Na wewe mama mkwe, mwenye jiko lako, usisubiri habari ya mimba ndipo uulize. Mnunulie mkweo vidonge hivyo wiki ya harusi. Bei yake ni ndogo, na baada ya siku 28 haviwezi tena kufanya kazi hiyo.